Kola Niliyoigeuza

Alama ya nyumba yetu ilikuwa mishono miwili ya uzi mwekundu, upande wa chini wa kola, karibu na ncha ya kushoto. Haikuwa nchani kabisa. Baba aliruka nafasi ya mishono miwili, akaiacha tupu, ndipo kola ikaisha. Utotoni nilimuuliza kwa nini asishone pale pale nchani, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu hula kwa mdomo. "Ncha ndiyo inayochakaa kwanza," akasema. "Alama ikichakaa, nguo imepotea."

Baba yangu alikuwa dobi. Alifulia uani kwetu, nyuma ya nyumba ya vyumba sita ambamo sisi tulikuwa na viwili, Kariakoo, hatua chache kutoka sokoni. Alikuwa na mapipa mawili ya kuchemshia, beseni la uwanga wa kukazia nguo, beseni la buluu ya kung'arishia nyeupe, na pasi tatu za mkaa zilizopokezana moto. Jumatatu alizunguka kukusanya mafurushi: sari za pamba na mashuka kwa familia za Wahindu kule Kisutu, kanzu kwa Mwarabu mwenye duka la vitambaa, suti za safari za makarani wa mjini. Alhamisi alirudisha. Katikati ya siku hizo nguo za nyumba ishirini zilichemka pamoja, na hata leso moja haikukosa njia ya kurudi kwao, maana kila nyumba ilikuwa na alama yake ya uzi na alama zote zilikaa kichwani mwa baba. Hakuandika jina la mtu kwenye nguo. Dobi anajua nani amekojoa kitandani na nani halali tena chumba kimoja na mkewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na jina kwenye nguo lingekuwa kuitangaza.

Nguo zetu sisi ziliingia pipa lile lile, kwa hiyo nazo zilipigwa alama. Nilikwenda shule miaka yote nikiwa na mishono miwili myekundu shingoni, na wenzangu walipoigundua waliniita mzigo wa dobi. Niliwapiga wawili. Wa tatu alinipiga mimi.

Siku za nguo nyingi kamba za uani hazikutosha, na madobi wa Kariakoo, Ilala na Magomeni walianika kwa pamoja Jangwani. Upepo ukipiga, nguo zinahama. Shati la mtu wa Ilala linaondoka na furushi la Kariakoo bila mwizi yeyote kuhusika. Ndiyo sababu kila Ijumaa baada ya swala madobi walikaa barazani karibu na msikiti, kila mmoja na kifurushi cha nguo zisizo zake. Waliinua kola moja moja, wakaisoma, wakamkabidhi mwenyewe. Hapakuwa na kushukuru wala kulaumiana. Walikuwa wakizungumza mambo ya mpira huku mikono ikirudisha. Nikiwa mdogo nilipenda kukaa na baba pale kuliko kwenda popote. Alikuwa hata haangalii alama. Aliipapasa tu kwa kidole gumba na cha shahada, akataja nyumba.

Nilifaulu nikaenda chuo, kule mlimani, kusomea baiolojia. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara, maduka yameanza kujaa, na maktaba yetu bado ina vitabu vyenye kurasa zilizochanwa. Mwalimu mmoja alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni nje, na alitufundisha kutoka kwenye fotokopi zake mwenyewe. Asubuhi moja alichora seli ubaoni. Kuzunguka kiini chake alichora wavu wa utando uliokunjwakunjwa, wenye jina refu la retikulamu ya endoplazimu. Mimi nitauita wavu tu. Mbele yake alichora vifuko bapa vilivyolaliana mfano wa chapati kwenye sahani. Hicho ndicho kituo cha pili, cha kupanga na kupeleka.

Protini nyingi, akasema, hutengenezwa pale kwenye wavu. Nyingine husafiri: hupakiwa ndani ya vifuko vidogo, hupita kituo cha pili, huishia kwenye utando wa nje wa seli. Nyingine kazi yake ni pale pale kwenye wavu, zimepandwa ndani ya utando wake, na mkia unaning'inia nje. Shida ni kwamba upakiaji hauna umakini. Kila kifuko kinapoondoka hubeba na wenyeji ambao hawakutakiwa kusafiri. Sasa seli inafanyaje? Darasa zima tulijibu kwamba inawafunga, inawashikilia wasitoke. Mwalimu akacheka. Kwa sehemu kubwa, akasema, haiwashikilii. Inawaacha watoke, kisha inawarudisha.

Protini ni uzi wa shanga. Kwa wenyeji wa wavu waliopandwa kwenye utando, mkiani mna shanga mbili za aina moja, ya tatu na ya nne ukihesabu kutoka mwisho. Shanga mbili, kisha nafasi ya mbili nyingine zozote, kisha mkia umeisha. Katika kituo cha pili wako wasomaji ambao kazi yao ni kuipapasa mikia inayopita. Wakikuta alama hiyo wanaikusanya mizigo, wanaifunika kwa ganda lao, wanaifanya kifuko na kuirudisha nyuma kwenye wavu. Wasipoikuta, hawana ugomvi na mtu. Protini inaendelea na safari. Ukibadili shanga moja tu ya zile mbili, mwenyeji anapotea mpaka utando wa nje, na hakuna aliyemfukuza.

Nilicheka peke yangu darasani mpaka mwalimu akaniuliza kama ninaumwa. Jumamosi nilirudi nyumbani mbio. Baba alikuwa anapiga pasi, nami nikamchorea yote kwa mkaa sakafuni, pamoja na mishono miwili na nafasi ya miwili.

Alizunguka ule mchoro akiutazama. "Kwa hiyo ndani yangu mna madobi?"

"Wengi, baba. Hawahesabiki."

"Na wanapumzika lini?"

"Hawapumziki."

"Ndiyo maana nachoka," akasema, akarudi kwenye pasi yake. Lakini Ijumaa iliyofuata, nilisikia, aliwaeleza wenzake wote barazani, na kwa mara ya kwanza mpira haukuzungumzwa.

Ruksa ilituletea sabuni. Watu wa rika langu hawatalidharau hilo; tulikuwa tumepanga foleni kwa ajili ya kipande cha mche wa sabuni. Lakini ilileta na mitumba. Marobota yalifunguliwa mitaani, mashati yakamwagwa chini kama dagaa, na mtu aliyekuwa na mashati mawili akawa na kumi. Wateja wa baba wakapungua taratibu. Karani akiwa na mashati kumi hana haja ya shati moja kung'aa. Mimi na mama tulitaka kumnunulia baba shati zuri la mtumba, akakataa kabisa. Aliinua kola ya shati lenyewe, akapapasa, akalirudisha kwenye rundo. "Zamani nguo zilikuwa chache na kila moja ilikuwa na kwao," alisema. "Hizi hazina kwao." Akaendelea kuvaa shati lake jeupe la mikono mirefu, ambalo kola yake ilikuwa imeanza kutoa nyuzi.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzoni tulicheka, Mungu atusamehe. Alimpelekea Mwarabu sari, na Mwarabu, mtu wa utani, akajifunga nayo akatoka nayo barazani mtaa mzima ukaangua kicheko. Bibi wa Kihindu aliyeletewa kanzu hakucheka. Alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akavua viatu mlangoni, akaketi na mama. Alisema, "Dada, huyu ametufulia tangu harusi yangu. Hawezi kukosea hivi. Mwangalie." Mama akaanza kumwangalia, na kuanzia siku hiyo hatukucheka tena.

Jambo la ajabu ni kwamba vidole vyake havikusahau. Ukimuuliza nyumba ya Mwarabu iko wapi, anashika paji la uso. Ukimpa kola aipapase, anataja nyumba bila kukosea, ila miguu yake ndiyo haikujua tena njia ya kuifikia.

Mara ya kwanza kupotea, aliondoka asubuhi na furushi tupu. Alasiri dobi mmoja wa Ilala, rafiki yake wa miaka yote ya Jangwani, alimleta amemshika mkono. Baba alikuwa ameketi kwenye karakana ya wachoma vyuma kule Ilala, hajui jina lake wala la mtaa. Fundi mmoja pale alimwita dobi wa jirani kwa sababu mzee alikuwa anapapasa kola za watu wanaopita. Dobi wa Ilala alikuwa anamfahamu kwa sura, lakini kwa mzaha wa kazi yao aliinua kola akasoma. "Huyu ni wa wenzetu wa Kariakoo," akawaambia. "Mishono miwili myekundu. Arudishwe."

Alipomleta, mama alimpa dobi yule maji, akamshukuru, kisha akakaa chumbani akalia. "Mume wangu anasomwa shingoni kama shuka," alisema. Mimi sikuona aibu. Niliona ajabu.

Dobi wa Ilala akapeleka habari barazani siku ya Ijumaa: mzee wa mishono miwili anapotea siku hizi, akionekana popote arudishwe. Habari ikaenda mpaka kwa madobi wa mbali ambao hawakuwahi kumwona. Na kweli akarudishwa. Alirudishwa kutoka Mnazi Mmoja, ambako alikuwa amesimama kwenye mkutano wa hadhara akipiga makofi na wenzake. Alirudishwa kutoka Kivukoni, ananuka samaki, kwenye mkono wa dobi aliyekuwa anafulia mabaharia na hatukumjua kabisa. Dobi huyo alipotua mlangoni alisema kama mtu aliyeleta furushi, "Shikamoo mama, mzigo wenu huu," na baba mwenyewe akacheka.

Mama alitaka kufuli. Alikwisha kulinunua, alilificha chini ya mto. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," aliniambia. "Siku moja gari litamgonga. Tumfungie uani, ana kivuli, ana mabeseni yake, atafua anavyotaka."

Mimi nikakataa, na kwa vile nilikuwa msomi wa nyumba, nilikataa kwa hotuba. Nilimwambia kwamba hata seli haimfungii mwenyeji wake. Nilimwambia kufungia ni kazi ngumu na ya kikatili, na mwili umechagua njia bora: acha atoke, mradi alama ipo na wasomaji wapo. Nilimwambia baba ni mtu aliyetembea maisha yake yote, ukimfungia atakufa. Mama alinisikiliza kwa heshima ambayo sikustahili. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, na binti yake alikuwa anakaribia kupata shahada. Akalitoa lile kufuli chini ya mto akalitundika kwenye banda la kuku.

Ninalikumbuka kila neno la hotuba ile. Nimefundisha miaka mingi sasa na sijawahi kutoa somo zuri kama lile.

Mahafali yangu yalikuwa Jumamosi. Nilitaka baba aje, na alitaka kuja, kwa siku zile alizokuwa anakumbuka kuna jambo gani. Tatizo likawa shati. Kola ilikuwa imechakaa mpaka kitambaa cha ndani kinachungulia. Nikalichukua kwa fundi cherehani mmoja aliyekaa barazani mtaa wa pili, aliyekuwa hodari wa kugeuza kola. Siku hizi hakuna anayegeuza kola, kwa hiyo nieleze: fundi anaifumua kola yote, anaigeuza, upande uliochakaa unakwenda chini na upande wa chini, ambao haujawahi kuona jua, unakuja juu. Shati linakuwa jipya. Wakati wa dhiki nusu ya wanaume wa Dar es Salaam walitembea na kola zilizogeuzwa.

Fundi aliishika kola, akaona mishono miwili. Ikigeuzwa, ingekuja juu, machoni pa watu.

"Dada, hizi nyuzi niziache?"

Nilijua ni nini. Hakuna aliyejua kuliko mimi. Lakini niliwaza wenzangu wa chuo na baba zao wenye tai, niliwaza picha itakayotundikwa ukutani, na nikawaza lile jina, mzigo wa dobi. Niliona haya. Leo ninaliandika kwa sababu sijawahi kulisema kwa mtu: niliionea haya alama ya nyumba yetu.

"Zitoe," nikasema. "Nitashona nyingine kwa chini mwenyewe."

Alizifumua kwa wembe hapo hapo, akazipuliza zikaanguka.

Baba alipendeza Jumamosi ile. Alikaa wima saa zote, akapiga makofi kila jina lilipoitwa, hata la mtoto wa watu. Aliniuliza mara tatu, "Hapa ni wapi, mwanangu?" na mara zote tatu nilipomwambia alifurahi upya. Kwenye picha amesimama kati yangu na mama, kola nyeupe, safi, haina kitu.

Nilikuwa nimesema nitashona Jumapili. Jumapili wageni walikuja kunipongeza, pilau likapikwa, nikasifiwa mpaka nikavimba kichwa. Sindano ilikuwa kwenye pazia la chumbani, imetungwa uzi mwekundu tayari, niliipita mara kumi. Jumatatu asubuhi baba alivaa lile lile shati, kwa sababu tulimsifia nalo, akatoka.

Mama aligundua saa nne. Hatukuhangaika, tulikuwa tumekwisha kuzoea. Mama alisema, "Atarudishwa tu," nami nikaitikia. Tukapika, tukala, tukamfunikia chakula chake. Ilipofika jioni hajaletwa tukasema labda leo ameenda mbali, ataletwa kesho. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba ile yenye sindano paziani na sikukumbuka. Watu wananiambia kwamba huwezi kukumbuka kila kitu. Naomba wasiniambie hivyo tena.

Nilikumbuka Jumanne alfajiri, wakati wa kutandika kitanda, jicho lilipogota kwenye uzi mwekundu. Sikumwambia mama kwa nini ninalia. Nilimwambia tu tumtafute, na tukatafuta kama vichaa: Ilala, Mnazi Mmoja, Kivukoni, Jangwani. Dobi wa Ilala aliacha pasi motoni akatembea nasi siku nzima. Kila dobi tuliyemkuta alisema hajamwona, na kila mmoja aliongeza, ili kututuliza, kwamba mzee ana alama, hawezi kupotea.

Alipatikana Jumatano, Manzese, kwenye baraza ya duka lililokuwa limefungwa, ameegemea ukuta. Hakuwa na jeraha. Waliomwona tangu Jumanne walidhani amepumzika. Daktari alisema jua, kiu, na moyo wa mzee. Tulimzika siku hiyo hiyo kwa sanda iliyofuliwa na wenzake. Madobi walikuja wengi kuliko nilivyojua kuwa wapo, na mikono yao yote ilikuwa na zile ngozi zilizonyauka kwa maji.

Siku ya tatu ya matanga alikuja mwanamume ambaye hatukumfahamu, wa rika langu, ameshika kofia mkononi. Hakuingia kwa wanaume. Aliomba kuonana na binti wa marehemu. Nilitoka nikamkuta kwenye kichochoro kando ya nyumba.

"Pole sana, dada. Mimi ni dobi, Manzese."

Nilimwambia ahsante. Akawa anaizungusha ile kofia.

"Nilimwona mzee wenu Jumatatu, jioni. Alikaa kwenye benchi langu. Nilikuwa nimesikia habari ya mzee wa mishono miwili, kwa hiyo niliinua kola. Chini hamna kitu. Nikaangalia vizuri, nikaona kola imegeuzwa, na juu yake matundu manne ya sindano, pale pale panapotakiwa kola ikigeuzwa. Uzi umefumuliwa. Dada, mimi dobi. Mtu akigeuza kola anarudisha uzi siku ile ile. Uzi ukifumuliwa na haukurudishwa, nguo imetolewa. Imetolewa sadaka, haidaiwi tena na nyumba ile. Nilidhani mmemtoa."

Hiyo ni kweli. Kila mtoto wa dobi anaijua desturi hiyo. Baba mwenyewe alifumua alama za nguo kuukuu kabla hazijapewa masikini, ili dobi mwingine asizirudishe kwa makosa kwa mtu ambaye hazitaki tena.

"Mjini siku hizi wapo wanaotoa wazee wao," akasema. "Nimewaona. Nikaona haya kumpeleka mtu kwa watu wasiomtaka. Nilimpa chai na mkate. Nilitaka alale kwangu."

"Kwa nini hakulala?"

Hapo ndipo aliponitazama. Nadhani alikuwa amekuja kwa ajili ya swali hilo, na alikuwa anaomba nisiliulize.

"Aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia dobi. Akafurahi sana. Akainamisha shingo mwenyewe, akasema, nisome, unirudishe, binti yangu amemaliza chuo na nyumbani kuna wageni. Nikamwambia, mzee, kwenu wamekufumua."

Ndani wanawake walikuwa wanasoma hitima. Mama alikuwa katikati yao, namsikia sauti.

"Hakuniamini," akasema. "Akaweka vidole vyake kolani. Alipapasa chini, akapapasa juu, taratibu, akayahesabu yale matundu. Akaniambia, 'Kweli. Ni ya kwetu, na wameitoa.' Akamaliza chai yake, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, akaniaga. Nilimwonyesha njia ya mjini. Akasema huko hana tena safari."

Aliniuliza kama mzee wakati ule alikuwa na akili zake, au ilikuwa ule ugonjwa tu unasema. Alitaka nimwambie ni ugonjwa. Ningeweza kumpa hilo, naye angerudi Manzese akalala. Nilimwambia ukweli, kwamba vidole vya baba havikukosea hata siku moja, na kwamba aliyefumua ni mimi. Akavaa kofia yake, akasema, "Basi, dada," akaondoka. Mama aliponiuliza yule alikuwa nani, nikamwambia ni dobi mmoja, alikuja kutoa pole.